Baga na bia Malindi: maoni ya mwenye bucha

Mimi nina bucha Maweni. Baba yangu aliniachia visu, gogo la kukatia na wateja wake, na baadhi ya wateja hao ni wenye mikahawa. Kwa hivyo niseme mapema: pahali pamoja kati ya hapa nitakapopaeleza hununua nyama kwangu, na nikifika hapo nitawaambia ili mpime maneno yangu wenyewe. Majina siyaandiki. Mji wetu ni mdogo na watu hawa nakutana nao sokoni. Nitataja mtaa, na anayeijua Malindi atafika.

Wazo la kuzunguka tukila baga lilikuwa la wifi yangu, ambaye hufua nguo katika hoteli moja ya Silversands na hupata siku yake ya mapumziko katikati ya wiki. Yeye hunywa White Cap, mimi hunywa Tusker, na chakula kibaya hatukivumilii sote wawili. Tulianza masika yakiisha, wakati mikahawa mingi ya Wataliano ilikuwa bado imefungwa, tukaendelea mpaka kaskazi ikaanza kuvuma na wageni wakajaa. Basi tumeyaona majiko yakiwa hayana kazi, na tumeyaona yakiwa yamelemewa.

Lakini kabla ya mikahawa, nyama.

Ng'ombe wengi wanaochinjwa hapa hutoka Tana River, kwa wafugaji wa Kiorma, na wengine hutoka upande wa Galana. Ni ng'ombe wa nundu, Boran na zebu wa kienyeji, waliokula majani maisha yao yote na kutembea sana. Nyama yao ina ladha nzito, ila ni kavu, kwa sababu mafuta hayakupata nafasi ya kuingia kati ya nyuzi. Ukisaga paja peke yake ukalitia motoni, utakula kitu kigumu kinachokwama kooni. Baga inataka mafuta, kama sehemu moja ya mafuta kwa nne za nyama, na mafuta matamu kuliko yote ya ng'ombe wetu yamo kwenye nundu. Chukua shingo na kidari, ongeza nundu, saga pamoja asubuhi ya siku ile ile utakayopika, na usikande. Chumvi itiwe juu wakati nyama inaingia motoni. Ukiikanda na chumvi saa nyingi kabla, nyama hushikamana ikawa soseji, na hakuna moto utakaoirudisha ilivyokuwa. Bamba la chuma liwe limeshika moto sana ili upande wa chini uungue kidogo na kufanya ukoko wa kahawia, maana huko ndiko ladha iliko.

Malindi ina nyama hii kila siku. Imechinjwa alfajiri, imepigwa muhuri wa mkaguzi, na saa mbili asubuhi inaning'inia bucha. Mkahawa ulio umbali wa tuktuk ya shilingi 100 hauna sababu ya kununua vipande vilivyogandishwa kwenye katoni. Na wengi wananunua. Hilo liliniuma kuliko jambo lolote katika mzunguko wetu, na ndilo ninalotaka wenye mikahawa walisome, wale wanaonunua kwangu na wasionunua.

Tulianzia Casuarina, kwenye mkahawa wa ufukweni wenye makochi meupe na kivuli cha mivinje. Mhudumu alikuja na tabasamu akauliza, "Mama, niwaletee soda gani?" Wifi akamjibu kwa upole, "Mimi niletee White Cap baridi, na wifi yangu umletee Tusker." Kijana akaomba radhi, na bia zikaja upesi, chupa zinatoka jasho, glasi safi zisizonuka sabuni. Kwa upande wa bia sijaona pahali panapowazidi. Wana jenereta, kwa hivyo stima ikipotea friji haizimi, na shilingi 350 kwa chupa ni bei ya haki kwa mtu aliyekaa mbele ya bahari.

Baga yenyewe ni shilingi 1,200. Ilikuja imechomekwa kijiti, jibini vipande viwili, saladi mbichi inayong'aa, chipsi ndani ya kikapu cha waya. Nikaifunua. Nyama ilikuwa duara kamili, kingo zimenyooka, unene ule ule kila upande, rangi ya kijivu. Nyama iliyofinyangwa kwa mkono haiwi hivyo. Hii ilitoka kwenye friza ikiwa jiwe, ikawekwa kwenye kikaango kisicho na moto wa kutosha, ikatoa maji, ikachemka ndani ya maji yake mwenyewe badala ya kukaangika. Ukiitafuna inaruka chini ya meno. Nilimwomba mhudumu aniulizie jikoni inatoka wapi, naye akarudi na jibu la kweli, namshukuru kwa hilo: inaletwa kutoka Nairobi, imegandishwa. Fikirieni. Malori ya ng'ombe kutoka Garsen yanapita mjini kwetu, na mkahawa huu unaagiza nyama ya kusaga iliyosafiri zaidi ya kilomita 500. Mkate ulikuwa mzuri, jibini ilikuwa nzuri, mpishi anajua kupanga sahani. Anayestahili lawama ni mwenye kununua.

Nendeni pale kwa bia na upepo, na mkiona njaa agizeni chipsi.

Kwenye Barabara ya Lamu tuliingia baa yenye televisheni tatu na mpira kwenye zote. Hapa ndipo unaulizwa swali la baa zote za Kenya, "Baridi au moto?", na wazee wawili kwenye meza ya jirani walikuwa wanakunywa Pilsner ya moto kwa raha yao. Bia ni shilingi 250. Kuna jambo la saa mnalopaswa kulijua kama mnatoka mbali: sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, iliziwekea baa za kawaida kufungua saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana Jumamosi na Jumapili, na mwisho ni saa tano usiku. Mtu aliyepanga kunywa bia yake saa saba mchana siku ya Jumanne aelekee mkahawa au hoteli, si baa.

Tusker yangu pale ilikuwa baridi lakini haikuwa na ladha yake. Ilikuwa imechoka, ina harufu ya karatasi iliyolowa. Nilipokwenda msalani nikaona sababu: kreti zimepangwa uani, juani, hazina hata turubai. Chupa ya kahawia huizuia nuru kwa kiasi kikubwa, lakini joto hailizuii, na joto la Malindi mwezi wa Desemba huizeesha bia upesi. Kuipoza baadaye hakusaidii kitu. Bia ya kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1922, na ambayo tembo wa kwenye lebo yake yupo kwa sababu mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, George Hurst, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, inastahili chumba chenye kivuli. Nilimwambia meneja. Alinisikiliza vizuri, na nataraji kreti sasa ziko ndani.

Na baga yao? Ilikuwa kababu. Nyama imekandwa na yai, mkate uliolowekwa, kitunguu, dania na bizari, ikakaangwa kwenye mafuta mengi, ikatiwa ndani ya skonzi. Ilikuwa kababu nzuri, tena yenye pilipili ya kutosha, na wifi alimaliza yake. Lakini yai na mkate huifunga nyama, viungo huifunika, na shilingi 450 zangu zilitaka ladha ya ng'ombe. Kama ningekuta imeandikwa kababu ubaoni ningeisifu bila kusita.

Pale kwenye mkahawa wa vyakula vya haraka karibu na steji sina la kueleza. Baga ya kuku, mayonezi nyingi, hakuna bia. Watoto wataipenda.

Sasa Wataliano. Hatuwezi kuzungumza juu ya kula Malindi tukawaruka. Walianza kuja na kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco pale Ngomeni, ambako mwaka 1967 walirusha satelaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini, na baada ya mafundi wakafuata watalii, na baada ya watalii wakafuata wapishi. Matokeo yake ni kwamba mji huu una tanuri za kuni na watu wetu wenyewe wanaojua unga. Mkahawa tulioingia uko kwenye bustani, nyuma kidogo ya Barabara ya Lamu, na mpishi mkuu ni Mgiriama aliyefunzwa hapo hapo jikoni. Mkate wa baga wanauoka wenyewe. Ukiubonyeza unarudi, ndani una mashimo, chini una ukoko, na haukulowa hata nyama ilipotoa mchuzi. Nyama haikusagwa kwa mashine, ilikatwakatwa kwa kisu, na mtu wa kazi yangu anajua hiyo ni jasho la kiasi gani. Unaitambua kwa ulimi, kwa sababu vipande vidogo vinaachana kimoja kimoja.

Ila ilikuja katikati nyekundu. Steki nyekundu katikati sina ugomvi nayo, kwa kuwa vijidudu hukaa juu ya nyama na moto huwamaliza. Nyama iliyosagwa au kukatwakatwa, kile kilichokuwa juu kimeingia ndani, na ndani kunahitaji kufika nyuzi 71 za joto. Nilimwita mhudumu, nikamweleza, mpishi akatoka mwenyewe. "Dada, wageni wetu wanaitaka hivi," akasema. Nikamwambia, "Najua, kaka, lakini mimi nauza nyama na naijua." Akairudisha motoni bila kununa, akailaza dakika chache baadaye mezani bado ina maji yake. Huo ni ufundi. Kupika nyama iive kabisa bila kuikausha ni kazi ngumu kuliko kuiacha mbichi. Bei ni shilingi 1,400, na bia waliyokuwa nayo siku ile ilikuwa ya Italia, chupa ndogo, shilingi 450, nyepesi mno kwa nyama ile. Guinness ingeifaa zaidi, uchungu wake unastahimili jibini iliyozeeka waliyoiweka. Hawakuwa nayo.

Nafika kwa mteja wangu. Yuko upande wa bahari, njia ya kwenda Mnara wa Vasco da Gama, ana makuti, meza za mbao na sakafu ya mchanga. Ananunua kwangu kidari na shingo, na nilijiketisha pale nikiwa na matumaini makubwa. Baga yake ya ng'ombe ilikuwa kavu. Nyama ni yangu, naijua ilivyotoka: alikuwa ameiondoa mafuta yote kabla ya kusaga, kwa sababu kuna wageni wanaoogopa mafuta. Niliumia kuona nyama ile imefanyiwa hivyo.

Kumbe utamu wake uko kwingine. Ana baga ya samaki, shilingi 600, na hiyo ningeila kila wiki. Kipande cha nguru, kimekatwa kinene, kimepakwa ndimu, kitunguu thomu na chumvi, kikachomwa juu ya makaa mpaka ngozi inakatika ukiigusa. Juu yake kachumbari ya embe mbichi, na chini ukwaju uliopikwa mpaka ukawa mzito, una pilipili inayochelewa kufika. Badala ya chipsi unaletewa mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa pilipili ya unga na ndimu. Mihogo ile ilikuwa laini ndani hadi moyoni, bila uzi hata mmoja. Skonzi ilikuwa imebandikwa upande wa ndani kwenye makaa kidogo, kwa hivyo ukwaju haukuilowesha.

Na hapa bia na chakula vilikutana kama inavyotakiwa. Tusker ina asilimia 4.2 tu, haina uchungu mwingi, na gesi yake inausafisha mdomo baada ya mafuta ya mihogo na ukali wa ukwaju. Tulifanya jambo ambalo nawashauri wote wanaokula nje Malindi: chupa moja ya nusu lita tukaigawa glasi mbili, tukaimaliza ikiwa baridi, ndipo tukaagiza ya pili. Kwenye joto letu nusu ya chini ya chupa huwa supu kabla hujaifikia. Tulikaa mpaka giza likaingia. Bahari ilikuwa bado na wekundu wa tope la Sabaki, mvua za bara zilikuwa hazijakwisha, na watoto walikuwa wanacheza mpira ufukweni bila kujali.

Nilirudi kwake baadaye na furushi la nundu. Nikamwambia, "Jaribu hii. Usiitoe mafuta, na usikande." Akajaribu siku ile ile nikiwa nimesimama jikoni. Ile ya pili ilitoa mchuzi ukateremka hadi kiwiko changu. Sasa anaagiza nundu, lakini ombeni mkifika, maana bado anapika za aina zote mbili.

Baga bora ya mji huu, hata hivyo, haina bia na nyama yake haitoki kwangu.

Iko Mji wa Kale, kwenye kichochoro kinachoteremka baharini, mbele ya nyumba ya mtu. Hakuna bango. Baada ya Maghribi mzee anatoa jiko la makaa, bamba la chuma jeusi kwa umri, na benchi mbili. Mkewe anakaa mlangoni na bakuli la achari ya ndimu na sufuria ya kachumbari. Nyama ananunua kwa mshindani wangu wa Majengo, na nasema wazi kwamba anachaguliwa vizuri. Nilipomwona anaweka chumvi juu ya donge la nyama likiwa tayari liko kwenye bamba, nilijua nimefika.

"Shikamoo, mzee. Hii nyama ina nini ndani?"

"Marahaba, mwanangu. Ina nyama."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna yai, hakuna mkate, hakuna bizari. Anafinya donge kwa nyuma ya upawa mpaka linapanuka na kingo zake zinachanikachanika, analiacha bila kuligusa, kisha analigeuza mara moja tu. Kingo zile zinakuwa ukoko mwembamba unaovunjika, katikati panabaki laini. Pilipili manga anasaga pale pale. Skonzi zinatoka kwenye tanuri la jirani, zina utamu kidogo, naye anazipasha kwenye mafuta yaliyotoka kwa nyama. Kisha kitunguu kilichooshwa kwa chumvi na siki, nyanya, na ukitaka achari unapewa na mama kwa kijiko, si zaidi ya kimoja, kwa sababu achari yake ni kali na anajua anachofanya. Jibini hana, na haihitaji. Shilingi 350. Kinywaji ni soda ya tangawizi au juisi ya ukwaju, na juisi ile ya ukwaju inafanya kazi ile ile ambayo bia ingefanya: inakata mafuta.

Bia pale hatupeleki, hata ndani ya mkoba. Ni nyumba ya watu, na msikiti uko hatua chache. Wanaotaka bia na baga ya mzee wafanye kama sisi: waombe nyama ifungwe kwenye karatasi yake na skonzi kwenye yake, maana zikifungwa pamoja mvuke huilowesha skonzi kabla tuktuk haijafika barabarani. Wifi anakaa Ngala, ana baraza inayopata upepo na friji inayopoza kweli. Tunaunganisha pale, kila mtu anajijazia achari, tunafungua bia. Shemeji yangu, mume wa wifi, anatoka kwenye mangwe, kilabu cha pombe ya mnazi, na mnazi wake akitaka naye aonje, na mnazi haukubaliani na achari ile hata kidogo, lakini kila mtu na kinywa chake.

Mzee hapiki Ijumaa, na Ramadhani yote hupika usiku tu, baada ya Tarawehe. Siku nyingine fikeni mapema, kabla ya saa moja na nusu. Skonzi huisha kabla ya nyama, na zikiisha hufunga jiko hata kama kuna watu kwenye benchi, kwa sababu mkate wa dukani hatumii.